Koti la Keya na Dawa ya Kunguni

Hamisa wa nyumba ya pili alikuwa na hakika, na Hamisa akishakuwa na hakika hakuna haja ya kutafuta mashahidi. Mzee Revelian, alisema, ameanza kulia. Si kulia kwa kufiwa wala kwa kudhulumiwa. Analia tu. Anatembea barabarani machozi yanamtoka, udenda unamshuka mpaka ndevuni, na mtu akimwamkia anajibu kwa kikohozi. Basi ni jini. Tena si jini la hapa Keko, maana majini ya Keko Hamisa aliyajua yote kwa majina na tabia zake. Hili ni jini la Bama, karudi nalo vitani limejificha ndani ya lile koti.

"Unadhani kwa nini halivui?" alimuuliza Jovina, ungo wa mchele mapajani, mgongo umeegemea ua wa makuti. "Jua lote hili, mtu kavaa sufu mpaka magotini. Lile si vazi, mwanangu. Ile ni nyumba ya mtu."

Jovina alikuwa akimnyonyesha Rosalia, akaitikia kwa kichwa. Alikuwa mgeni Keko. Wilbert, mumewe, karani wa ghala bandarini, alimtoa Bukoba baada ya ndoa, na Jovina hakukawia kugundua kwamba njia salama ya kuishi jirani na Hamisa ni kuitikia kwa kichwa. Lakini habari ile haikumkalia vizuri. Mzee Revelian ndiye aliyekuwa akitazamiwa siku hiyohiyo kuja kumpulizia kitanda dawa ya kunguni, na kitanda ndicho alicholalia Rosalia.

Huwezi kumweleza Mzee Revelian bila kulieleza koti. Yeye naye alikuwa wa Bukoba, lakini wa zamani, wa kabla Jovina hajazaliwa. Wakati wa vita vikubwa aliingia Keya, jeshi la Mwingereza, wakampeleka Bama, mbali huko Asia, kupigana na Mjapani. Ukimsikiliza, vita vile vilikuwa kati yake na Mjapani tu, Mwingereza alikaa pembeni akishangilia. Vilipokwisha, serikali ilimshukuru. Wenzake walishukuriwa kwa ahadi, yeye akashukuriwa kwa koti: sufu nzito, rangi ya majani makavu, vifungo vitano vya shaba kifuani. Koti la kuvaa kwenye baridi ya milimani, akapewa mtu anayekwenda kuishi Dar es Salaam. Alilivaa. Kila asubuhi alivisugua vile vifungo kwa majivu na ndimu mpaka vikang'aa kuliko kitu kingine chochote alichokuwa nacho, na ukweli ni kwamba hakuwa na vingi vya kushindana navyo.

Baadaye alipata kazi kwenye kikosi cha kupulizia dawa ya mbu. Siku moja Bwana Afya akamwambia avue koti avae sare ya kikosi. Mzee Revelian akamuuliza kwa adabu kama yeye Bwana Afya alifika Bama. Kazi ikaishia hapo. Aliondoka na pampu ya mkono, ambayo yeye alisema alipewa, ila Bwana Afya alisema vingine, na tangu hapo akawa Bwana Dawa wa Keko na Temeke, muuaji wa kunguni wa nyumba kwa nyumba.

Alikuwa na namna yake ya kufungua milango. Mama wa nyumba akisita, akiuliza je, dawa hii haitamdhuru mtoto, Mzee Revelian hakubishana. Alichota konzi ya unga wake mweupe, akajimwagia kifuani, akausugua kwenye sufu ya koti mbele na nyuma, kisha akasimama kijeshi. "Nitazame," alisema. "Ingekuwa inaua mtu, si ningekuwa nimekufa tangu Jumatatu?" Watu walicheka, mlango ukafunguliwa. Hiyo ndiyo ilikuwa sayansi yake yote, na kwa miaka kadhaa ilimtosha.

Tatizo lilikuwa kunguni. Kunguni wa Keko walikuwa wameuzoea ule unga, wakawa wanajipaka kama poda. Wateja walianza kunung'unika. Ndipo rafiki yake mmoja wa vitani, aliyekuwa akifanya kazi kwenye shamba la pamba huko bara, akamletea tini la dawa mpya, ya maji, rangi ya kahawia, yenye harufu kali ya kitunguu saumu. Kwenye tini palikuwa na picha ya fuvu la kichwa na mifupa miwili. Mzee Revelian alikaa chini na kisu, akalikwangua lile fuvu lote, kwa sababu lingewatisha wateja. Kunguni hawakuwa na haja ya picha.

Akaikoroga dawa ile nyumbani kwake kwa mkono, na mkono ukiwa ndani ya koti. Akajaribu kujimwagia, kuona kama maji yatashika kwenye sufu vizuri kama unga. Yalishika vizuri sana. Na hapo ndipo alipoanza kulia barabarani, Hamisa akamwona.

Alipofika kwa Jovina mchana ule, pampu mgongoni, Jovina alimwamkia shikamoo, akamkaribisha kiti barazani, akamletea chai. Haikuwa ukarimu mtupu. Alitaka kumtazama kwanza. Akaona macho mekundu yanachuruzika, jasho linatiririka kutoka chini ya kofia mpaka kwenye kola. Lakini jasho lingemshtua nani? Mtu aliyevaa sufu kwenye jua la Keko asipotoka jasho ndipo umwite daktari. Hilo koti lilikuwa limemfichia ugonjwa hadharani.

"Baba, unaumwa?" aliuliza.

"Askari haumwi," alisema Mzee Revelian, akakohoa kikohozi chenye maji. "Ni vumbi. Kitanda kiko wapi?"

"Dawa yenyewe ni ileile?"

"Mpya. Hii Mjapani mwenyewe angekimbia." Akainuka, na kwa kuwa alimwona Jovina amemkumbatia mtoto na hasogei mlangoni, akafanya kama alivyozoea. Alimimina ile dawa kwenye kiganja, akajipaka kifuani, akasugua mbele na nyuma, akasimama kijeshi. "Nitazame," akasema. "Ingekuwa inaua mtu..."

Hakuimalizia. Alikaa chini taratibu kama mtu aliyekumbuka kitu, kisha akalala ubavu. Chai na chakula cha asubuhi vikarudi. Udenda ukamtoka kama bomba lililoachwa wazi, na kifuani mwake pumzi ikawa inakoroma majini.

Mtaa ulijaa kabla Jovina hajamaliza kuita. Jambo la ajabu kuhusu Keko ni kwamba mtu akianguka, kila jirani ni mganga, na hakuna hata mmoja mwenye shaka. Hamisa alisema maziwa, maziwa ndiyo yanayokata kila sumu na kila uchawi, akaanza kumnywesha mtu ambaye hata mate yake mwenyewe yalikuwa yamemshinda. Maziwa yakaingia upande usiotakiwa, mzee akageuka rangi. Fundi seremala wa jirani alisema aketishwe. Mwingine alisema alazwe chali. Wa tatu alileta chetezo cha ubani, wakamfukiza, na ili moshi usipotee wakamfunika gubigubi. Wakamfunika kwa koti lake.

Tabu, mke wa Mzee Revelian, alifika anakimbia kutoka sokoni, akamwinua mumewe kichwa mapajani, akamfuta mdomo kwa ncha ya khanga. Alikuwa mwanamke mpole wa Kizaramo aliyeishi na lile koti miaka yote kama mtu anavyoishi na mke mwenza. Alimtazama Jovina, kati ya watu wote wale waliokuwa wakijua la kufanya, akasema, "Mama Rosalia, tumpeleke hospitali."

Najmuddin mwenye duka alikubali kutoa gari lake la bidhaa, baada ya kueleza kwa kirefu kwamba ndani mna magunia ya unga, kwamba mgonjwa asitapikie magunia, na kwamba jini likipanda garini yeye hahusiki. Hamisa naye alipanda, ili mtaa upate habari kamili.

Hospitalini, daktari wa zamu alikuwa Mhindi mfupi, Daktari Abbasali, mwenye sauti ya mtu aliyekatizwa usingizi tangu mwaka juzi. Aliwasikiliza wote wakisema kwa pamoja, kisha akainama juu ya mgonjwa, akamnusa.

"Kala nini?"

Hamisa akamweleza habari za Bama.

"Jini," alisema Daktari Abbasali, huku akimfunua mgonjwa kope kwa kidole gumba. "Hili la kwanza kukutana nalo linalonuka dawa ya shamba. Nani mwenye akili hapa? Wewe, mwenye mtoto, sogea. Mtoto mwache huko. Tazama jicho."

Jovina akampa Tabu mtoto, akasogea. Chumba kilikuwa na giza kidogo, dirisha moja tu, lakini kile kitundu cheusi katikati ya jicho la Mzee Revelian kilikuwa kidogo kama ncha ya sindano.

"Gizani kinatakiwa kufunguka kama mlango," alisema daktari. "Cha huyu kimefungwa. Macho yamefungwa, na mabomba mengine yote ya mwili yamefunguliwa: machozi, mate, jasho, tumbo, kifua. Anazama, mama. Yupo nchi kavu, anazama kwa maji yake mwenyewe. Hiyo ni sumu ya kuulia wadudu, na haikuingia kwa mdomo tu. Inaingia kwa ngozi."

Kisha akaacha kusema, na ndipo Jovina alipomwona anafanya kazi. Mate yakavutwa kooni kwa mpira. Sindano ikaingia, akashika mshipa wa mkono, akasikiliza kifua, sindano nyingine, akasikiliza tena, nyingine. Wakati huo watumishi wawili waliovaa glavu walikuwa wamekwisha kumvua Mzee Revelian kila kitu, wanamwosha kwa maji tele na sabuni kama wanaomwandaa bwana harusi: nywele, ndevu, kwenye kucha, nyuma ya masikio, kisha upya tangu mwanzo. Daktari alikuwa akimtia kidole mdomoni mara kwa mara. Alitaka mdomo ukauke. Kwa sindano zile, alisema bila kugeuka, watu huacha mapema, wanaona mgonjwa kafumbua macho wanafurahi, wanakwenda kunywa chai, wakirudi kafa.

Mdomo ulikauka. Kifua kikanyamaza. Vile vitundu vya macho vikafunguka, vikafunguka mno, na Mzee Revelian, mwekundu wa joto, ulimi mkavu kama ubao, akaketi kitandani akaanza kuamuru kikosi. Alimwamuru Najmuddin abebe risasi. Alimwamuru Hamisa alale chini, Mjapani yuko juu ya mti. Hamisa akalala chini. Alieleza baadaye kwamba aliteleza.

"Hiyo ni dawa yangu inasema, si jini," alisema daktari. "Itapungua." Akamgeukia Tabu. "Kila alichovaa kifukiwe ardhini, mbali na kisima. Kisifuliwe, kisichomwe, kisivaliwe. Kila alichovaa. Umenisikia, mama?"

Tabu akasema amesikia. Lakini utaratibu ni utaratibu, na mali ya mgonjwa hurudishwa kwa wenyewe. Mtumishi akamkabidhi nguo zote ndani ya gunia, limefungwa kwa kamba vizuri.

Mazishi yalifanyika nyuma ya nyumba ya Mzee Revelian, mafundi seremala wakachimba shimo. Shati lilizikwa. Suruali ikazikwa. Kofia ikazikwa, ingawa kofia ilikuwa ya kuazima na mwenyewe alisimama pale akiitazama inavyokwenda. Jovina alifika na mtoto wake mgongoni wakati wanasawazisha udongo, akamuuliza Tabu kama vimekwisha vyote. "Tumezika, mwanangu," alisema Tabu, akatazama pembeni. Na kweli walikuwa wamezika.

Mzee Revelian aliporudi nyumbani alikuwa dhaifu lakini mzima, anakula uji, anapokea wageni. Jovina alimpelekea ndizi za kupika, za nyumbani kwao. Akamkuta amekaa ameegemea mto mnene ajabu, anasimulia jinsi alivyoishinda sumu ambayo Mjapani mwenyewe angekimbia. Jovina alifurahi kumwona. Tena alimwona Tabu amejawa raha, akapenda jinsi alivyokuwa akiupigapiga ule mto kila mara ili mumewe akae vizuri.

Halafu machozi ya mzee yakaanza upya.

Furaha aliyokuwa nayo Hamisa ilikuwa ya staha, lazima isemwe. Hakuruka wala hakupiga vigelegele. Alipita mlango kwa mlango tu, kwa uso wa huzuni, akiwauliza watu walionaje. Hospitali si imempiga sindano? Imempiga. Si imemwosha? Imemwosha. Na analia? Analia, udenda uleule, kikohozi kilekile. Mzungu ana dawa ya malaria, alisema, hilo hatumnyimi. Lakini jini la Bama lina miliki yake. Kabla jua halijapinduka sawasawa, fundi wa ngoma alikuwa ameshaitwa kutoka Temeke, na wapigaji wake watatu, ili jini lipandishwe lisemeshwe, liseme linataka nini.

Jovina alikuwa ndani akimlaza mtoto aliposikia ngoma inaanza. Akasikiliza. Akamwinua Rosalia, ambaye hata usingizi ulikuwa haujamkolea, akamweka begani, akatoka.

Uani kwa Mzee Revelian palijaa. Mgonjwa alikuwa ameketishwa kwenye kigoda katikati, shuka nyeupe mabegani, kichwa kinaning'inia. Fundi wa ngoma, mtu mnene mwenye sauti tamu, alikuwa ameinama sikioni mwake akibembeleza. Jini lilitaka kahawa, ikaletwa. Lilitaka biskuti ngumu za jeshini. Ikatafutwa mikate ya Najmuddin iliyokauka, jini likaombwa livumilie. Kisha fundi akatega sikio, akatikisa kichwa kama aliyejua tangu mwanzo.

"Anataka vazi lake," alisema.

Tabu alisimama. Alisita kidogo, akatazama watu, akaingia ndani. Alipotoka alikuwa amelikumbatia koti kifuani kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba mtoto aliyelala, foronya ya mto bado inaning'inia kwenye mkono mmoja wa koti. Vifungo viling'aa. Vilikuwa vimesuguliwa.

Jovina akaelewa ule mto mnene.

Wakamvika. Wakafunga vifungo vyote vitano, toka chini mpaka kooni, kwa heshima. Ngoma zikazidi. Na haukupita muda Mzee Revelian akaanza kutetemeka kwenye kigoda, nyama za mashavu zikachezacheza zenyewe chini ya ngozi, kope zikipigapiga, udenda ukamwagika kwenye shaba, na uani wakapiga vigelegele kwamba jini limepanda. Fundi alitabasamu. Siku njema ya kazi.

Alikuwa anazama. Yupo nchi kavu, katikati ya watu arobaini wanaompenda, anazama, nao wanamwimbia.

Jovina alikuwa na miaka michache kuliko kila mwanamke aliyesimama pale, isipokuwa yule aliyekuwa begani mwake. Hapakuwa na mtu aliyemwalika kusema. Tena kulikatiza jini lililokwisha panda ni jambo ambalo mtaa husimulia mpaka wajukuu. Alimtazama Tabu, aliyekuwa amesogea kwenye kivuli cha upenu akijifuta machozi kwa kiganja, na alipomtazama vizuri hakuweza tena kukaa kimya.

Kwanza alimwendea Hamisa, akamwekea Rosalia mikononi. Hakumwomba. Alimwekea tu, kisha akaachia, na Hamisa, ambaye angeweza kupigana na mtaa mzima kwa mdomo, akajikuta ameshika mtoto mwenye usingizi. Mdomo ukajifunga wenyewe.

"Mvueni," alisema Jovina.

Hakupiga kelele, lakini mpiga ngoma aliye karibu alisikia akakosea pigo. Fundi akageuka. "Nani huyu anayeliamuru jini?"

"Jini siliamuru, baba. Naongea na Mama Tabu." Akamshika Tabu bega, akamgeuza. "Mama, nitazame. Unaniona?"

"Nakuona kwenye ukungu."

"Unalia nini?"

"Hata sijui, mwanangu. Tangu juzi yananitoka tu."

Pale kivulini, vitundu vya macho ya Tabu vilikuwa vidogo kama ncha ya sindano. Jovina akawageukia watu.

"Naye analia. Mate yanamjaa, tazameni. Basi naye ana jini la Bama." Akamrudia Tabu, kwa upole. "Mama, wewe Bama ulikwenda lini?"

Kisha fundi seremala mmoja nyuma akaguna, mwingine akacheka kwa pua, na kicheko kikapita uani kama upepo. Ngoma zikakoma moja moja. Fundi wa Temeke alifungua mdomo, lakini alikuwa mzoefu wa kazi yake, akajua uwanja umemponyoka. Akaomba maji ya kunywa.

Jovina hakungoja. Alichukua kisu cha jikoni, akajifunga gunia mikononi, na kwa kuwa hakutaka kugusa kifua kile kilicholowa, alipita nyuma akalipasua koti mgongoni tangu kolani mpaka chini, kama mtu anavyopasua papai. Likafunguka kwa nyuma, wakalitoa kwa miti, vifungo vyote vikiwa bado vimefungwa. Aliwaamuru mafundi seremala wamwagie mzee maji ya mitungi yote iliyokuwa uani, na sabuni, na Tabu vilevile, kisha Najmuddin aitwe. Mtu mmoja alikumbuka maziwa. Hamisa, mtoto begani, alisema kwa sauti ya chini ili asimwamshe kwamba mwenye maziwa ayanywe mwenyewe.

Hospitalini Daktari Abbasali aliwatazama wote wawili, mume na mke, akanusa, akafunua kope, akaita maji na sindano. Alirudia sindano mpaka kifua cha Mzee Revelian kilipotulia, na safari hii kilichukua muda. Ndipo akatoka, akijifuta mikono, akasimama mbele ya kitanda cha Tabu.

"Mama, nilisema kila alichovaa."

"Ndiyo, daktari. Nguo tulizika zote."

"Na koti?"

Tabu alimtazama kwa macho yake yenye ukungu, akashangaa mtu aliyesoma kiasi kile anauliza swali kama lile. "Lile si nguo, daktari," alisema. "Lile ni cheo."

Koti lilizikwa. Jovina alisimama pale mpaka udongo ukasawazishwa, na mafundi wakaweka mawe juu. Safari hii hapakuwa na mzaha.

Mzee Revelian alirudi Keko amevaa shati jeupe alilopewa na Wilbert, pana, linamwelea. Kumbe alikuwa mtu mdogo. Miaka yote ile watu walikuwa wakiliamkia koti. Sasa alipita barabarani, wanawake waliomjua toka zamani wakampita wakiendelea na mazungumzo, kisha wakageuka, wakajiuliza yule ni nani. Hakuwa na pampu, Bwana Afya alikuja kuichukua na tini lake. Hamisa alikuwa na maelezo mapya: jini limekwenda, na limeondoka na nusu ya mtu.

Jioni moja kabla jua halijazama Mzee Revelian alifika kwa Jovina. Kitanda kilikuwa nje, Jovina akikimwagia maji ya moto kwenye viungo, kunguni wanatoka wakiwa hawana haraka. Rosalia alikuwa kwenye mkeka anakula vidole vyake. Mzee Revelian aliketi barazani, mahali palepale, mikono imelala magotini. Mkono mmoja ulikuwa ukipanda kifuani kila mara, ukipapasa, ukikosa kitu, ukishuka.

Jovina alimwamkia, akamletea chai. Akanywa.

"Wewe ndiye ulinivua," alisema hatimaye.

"Ndiyo, baba. Unisamehe."

"Sijaja kwa hilo." Akatazama ndani ya kikombe. "Wanasema mtoto unampeleka kliniki wiki hii, kulekule kwa yule Mhindi."

"Nitampeleka Ijumaa."

"Basi kuna jambo uniulizie. Mie nikienda mwenyewe atanicheka, na akishacheka nitamuuliza kama alifika Bama, na haya yote yataanza upya." Mkono ukapanda kifuani, ukakaa hapo. "Mwambie nimekubali, sufu inakunywa dawa. Sufu sina habari nayo tena. Ila muulize, mwanangu, na umsikilize vizuri anavyojibu, maana wewe unasikiliza: shaba nayo inakunywa?"